Kifuniko cha Kauri

Jumapili, 3 Februari

Mwanangu Mama Maswali,

Barua yako ilifika Alhamisi nikiwa nafua. Niliishika kwa vidole viwili nisiiloweshe, nikaisoma nimesimama hapo hapo kwenye karai. Picha nimeiona. Umekonda. Usiniambie ni kamera, kamera gani inamkondesha mtu mashavu halafu inamwachia koti lake lile lile? Asubuhi unakula nini? Jibu swali hili kwanza kabla ya mengine yote.

Mimi nipo. Magoti mazima, macho mazima kwa miwani ile uliyonitumia, masikio ndiyo yameaga. La kushoto liliondoka zamani, unajua, sasa la kulia nalo linamfuata mwenzake. Daktari aliniandikia kwenye karatasi: "Ni zile feni za tanuri la vigae, mama. Miaka ishirini na sita ni mingi." Kwa hiyo usihangaike tena kupiga simu dukani kwa mshonaji. Juzi ulipopiga alinikabidhi simu, nikaishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu barabarani. Sikusikia hata pumzi. Mshonaji mwenyewe akitaka kuniambia kitu anapiga kelele mpaka wateja wake wanadhani tunagombana. Wewe niandikie tu. Barua hainong'oni.

Jambo la pili. Watu wananiuliza unasomea nini huko. Nikawaambia umeme. Mwanangu, nimejitafutia balaa! Mama wa nyumba ya nyuma kaniletea pasi iliyoungua, ati uitazame ukirudi. Mwingine kaja na redio. Sasa hivi chini ya kitanda chako pana pasi mbili, redio moja na feni isiyo na mabawa. Hebu nieleze unachofanya, kwa maneno ya mtu aliyeacha shule darasa la tatu, ili nijue cha kuwajibu.

Kitanda chako nakitandika kila Jumamosi. Na asubuhi bado natoa vikombe viwili. Ni mkono unaovitoa, mimi nakuja kuviona vikiwa tayari mezani.

Funika chakula chako. Vumbi la mji mkubwa halina mchezo.

Mimi mama yako


Jumanne, 19 Februari

Shikamoo mama,

Mkate na chai. Nimejibu kwanza kama ulivyoagiza.

Sasa kazi yangu. Waya wa pasi unapata moto, sivyo? Ule moto ni umeme uliokwama njiani. Kila waya unaoujua unakula sehemu ndogo ya umeme unaopita ndani yake, kama mtu anayebeba unga kwenye gunia lenye tundu. Sasa kuna mawe ya kutengeneza kwa mkono, ukiyapoza sana, baridi ambayo hakuna jokofu linaloifikia, yanaacha kula. Umeme unaingia huku na kutokea kule bila kupungua hata chembe. Mimi ndiyo natengeneza hayo mawe. Yangu ni vidonge vyeusi, ukubwa wa kifungo cha koti.

Nachanganya unga wa aina tatu: sehemu moja itriamu, mbili bariamu, tatu shaba. Hayo majina mawili ya mwanzo yasikusumbue, kwa macho ungesema ni chokaa. Shaba unaijua. Cha nne hakipandi kwenye mizani. Ni oksijeni, ile hewa tunayoivuta, na kidonge inabidi kiimeze kikiwa tanurini. Mama, hapo ndipo roho ya kazi ilipo. Unga ule ule, vipimo vile vile, lakini kidonge kikimeza oksijeni ikakaribia sehemu saba, kinapitisha umeme bure. Kikiishia sita, hicho ni kigae tu. Na ukiviweka viwili mezani huwezi kujua kipi ni kipi, vyote vyeusi.

Kukijaribu ni rahisi. Namwaga juu yake naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, inafuka kama sufuria. Halafu naweka sumaku ndogo juu. Kidonge kikiwa kizima, sumaku inaelea. Haigusi kitu, inakaa hewani tu, ukiisukuma kwa kijiti inazunguka. Nimeiona ikielea kwenye vidonge vya wenzangu nikataka kupiga vigelegele.

Kwenye vyangu haielei. Kumi na moja mpaka leo. Sumaku inakaa juu yake kama nzi juu ya meza.

Profesa kanipa mpaka mwisho wa Mei. Kidonge kimoja kikielea, nabaki miaka mitatu zaidi, nianze kazi yenyewe ya kubadilisha itriamu kidogo kwa kalsiamu na kuona kinachotokea. Kisipoelea, nafasi yangu anapewa mwingine, nami narudi nyumbani. Usimwambie mtu, hata mshonaji.

Sijui nakosea wapi. Nafuata kitabu mstari kwa mstari. Oksijeni naipitisha tanurini kutoka kwenye mtungi, napoza polepole siku nzima. Hata kwa usafi hakuna anayenifikia. Meza ya jirani yupo kaka mmoja anayesaga kutu kutwa, vumbi lake jekundu linatua kila mahali, kwa hiyo chungu changu kidogo cha kauri, ninamochomea kidonge, nakifunika. Kifuniko chake kinabana kama cha birika jipya. Kinaingia nacho tanurini, kinatoka nacho. Wenzangu wananicheka, wananiita Bibi Kifuniko. Nikawaambia mama yangu kanilea hivyo: maji yafunikwe, unga ufunikwe, mpaka jiwe lifunikwe.

Waambie majirani nasomea mawe. Watakuja kuchukua pasi zao wenyewe.

Mwanao,
Bibi Kifuniko


Jumamosi, 2 Machi

(Kwenye kona, kwa kalamu nyingine: Hii sikuituma. Niliikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo.)

Mwanangu,

Nilisoma mpaka kwenye kifuniko nikaacha. Nikaenda kukaa kitandani kwako, kisigino kikagonga pasi za watu.

Sikiliza. Hiyo itriamu siijui wala hiyo nyingine. Shaba naijua. Kiwandani kwetu vigae vya kijani tulivipaka maji ya unga wa shaba kabla ya kuvichoma. Hii ni kabla hujazaliwa ndiyo maana sikuwahi kukusimulia. Mwaka wa kwanza wa vigae hivyo msimamizi alituambia tuvipange ndani ya makasha ya udongo yenye vifuniko, majivu yasivirukie. Tukapanga, tukafunika, tukachoma siku mbili. Kufungua, kasha moja tu lililokuwa na ufa ndilo lenye vigae vya kijani. Yale yaliyofunikwa vizuri, vigae vyake vyekundu-vyekundu kama maini. Msimamizi akatukana unga, akatukana kuni, akatutukana na sisi. Mwezi mzima anabadilisha vipimo vya unga, ongeza hiki, punguza kile, maini vile vile.

Mimi nilikuwa mbebaji tu. Nikamwambia, "Bwana, unga hauna kosa. Ni vifuniko." Akacheka, akaniuliza nimesomea chuo gani. Basi zamu yangu ilipofika nikaacha makasha sita bila vifuniko, na moto uliposhuka nikaacha tundu la tanuri wazi. Sita yote, kijani. Ndipo walipoacha kunibebesha wakanifanya mtazama moto.

Shaba inataka hewa, mwanangu, na inaitaka zaidi wakati wa kupoa kuliko wakati wa kuungua. Moto ukiwa mkali inaitema. Moto ukishuka ndipo inaivuta taratibu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo akafika akakaa. Ukiifunika hapo, inapoa na njaa yake. Na ikishapoa basi. Hiyo oksijeni yako ya mtungi inapita juu ya kifuniko inakwenda zake, haijui kama ndani mna kitu.

Vua kifuniko, mwanangu. Moto ukianza kushuka, kiwe kimeshavuliwa. Vumbi la huyo kaka livumilie.

Nimefika hapo nikaweka kalamu chini. Miaka mitatu zaidi. Miaka mitatu ijayo sitasikia hata mlango ukibishwa. Hapa nyumbani kitu kinachonisemesha ni barua zako, na zenyewe zinakuja mbili kwa miezi miwili.

Nitaituma kesho.


Jumanne, 5 Machi

Mwanangu,

Nimepata barua yako, nimefurahi kuhusu mkate na chai, lakini mkate mtupu hauendi mbali, tia na yai.

Majirani nimewaambia ni mawe. Mama wa nyumba ya nyuma akaniuliza kama utamtazamia figo zake, ati daktari kasema zina mawe. Pasi bado zipo.

Kuhusu hiyo kazi sina la kukushauri. Hayo mambo ni makubwa kwangu, mimi nilikuwa mtu wa vigae tu. Wewe jitahidi kwa nafasi yako, na ikikataa, imekataa. Kurudi kwenu si aibu. Chumba chako hakijapangishwa na hakitapangishwa. Nimepata rangi ya maziwa iliyobaki kwa fundi rangi, nafikiria kupaka ukuta wa dirishani.

Umeniambia Mei mwishoni. Tarehe thelathini na moja ni Ijumaa, nimeangalia kalenda.

Mama yako


Alhamisi, 28 Machi

Shikamoo mama,

Samahani kwa kuchelewa. Nimechoma vidonge vinne vingine, sasa ni kumi na tano. Nilidhani ni vipimo. Nikaongeza bariamu kidogo, nikapunguza shaba kidogo, nikasaga unga saa nne badala ya mbili mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Moja, mbili, tatu, hesabu ya mtoto wa chekechea, na mimi inanishinda.

Profesa alikuja mezani akapitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Daftari lako halina kosa. Umeandika imepozwa ndani ya oksijeni, vizuri. Mikono yako ndiyo sijui." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana inauma.

Mengine ni mazuri. Nina rafiki wengi hapa.

Hapana, sina. Nilitaka uamini hivyo, lakini utajua tu, wewe unanijua hata kwa mwandiko. Chumba changu dirisha linatazama ukuta, mkono ukiunyoosha unaugusa. Nakula nimesimama kwa sababu kiti kimejaa vitabu, na nikivitoa vitabu nitaketi na nani? Siku za mapumziko maabara inafungwa, basi kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu sisikii mtu akiniita. Wiki iliyopita nilimwambia muuza magazeti "asante" nikashtuka sauti yangu.

Mama, nataka kukuuliza kitu kwa sababu hapa siwezi kumuuliza mtu bila kuonekana mjinga. Umekaa mbele ya tanuri miaka ishirini na sita. Iliwahi kutokea mkafanya kila kitu sawasawa na bado likakataa? Mlifanyaje?

Mwanao


Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Umeniuliza kama iliwahi kutokea. Ilitokea. Tanuri lina siku zake, linaamka vibaya kama binadamu. Hatukufanya kitu. Tulingoja likapoa, tukaanza upya, wakati mwingine likakubali wakati mwingine likakataa. Hakuna siri.

Ukuta nimeupaka. Umekuwa mweupe mpaka mshonaji aliingia akafumba macho. Godoro nimelianika siku mbili, nimelipiga kwa ubao likatoa vumbi la tangu ulipoondoka. Pazia jipya anashona yeye. Alikuja kupima dirisha, tukazungumza, yeye kwa kupayuka mimi kwa kutazama midomo.

"Anarudi lini?"

"Mwisho wa Mei."

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

Akanitazama juu ya miwani, sindano mdomoni. "Mbona unajibu kama mtu aliyekalia kuku wa jirani?"

Nikamwambia ashone pazia aache kushona maneno.

Hiyo habari ya muuza magazeti nimeisoma nikaikunja. Usikae peke yako namna hiyo, mwanangu. Ukirudi tutakuwa wawili. Mimi sisikii na wewe huna wa kusema naye, tutafaana.

Mkono wenye lengelenge usiupasue, uache utakauka wenyewe.

Mama yako


Jumatatu, 6 Mei

Shikamoo mama,

Kumi na saba. Nimeacha.

Umesema hakuna siri, nimekuamini, kwa sababu ungekuwa nayo ungeniambia. Basi ni mimi. Nimekaa nikaitazama mikono yangu juu ya meza kama mikono ya mtu mwingine. Kuna watu wameumbiwa kufikiri na wengine kufanya. Mimi nilidhani nimepewa vyote viwili, kumbe nilipewa daftari tu.

Nimemwambia profesa asingoje tarehe, anipangie tu siku ya kukabidhi funguo. Kasema nikae mpaka thelathini na moja, taratibu ni taratibu. Basi nakaa. Nafika asubuhi, nafuta meza, naosha vyombo vya wenzangu. Unga uliobaki unatosha kidonge kimoja. Nimeufunga vizuri, nitamwachia atakayekuja, pengine kwake utakubali.

Nikirudi sitaki kusikia habari ya tanuri, wala mawe, wala shule. Nitafute kazi ya kusimama dukani. Nitajibu watu bei, basi. Na tafadhali usije kunipokea kituoni, wala usimwambie mtu siku nitakayofika. Nitapita njia ya nyuma.

Pole kwa mtoto niliyekuahidi.

Mwanao


Ijumaa, 17 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma mara moja tu, sikuweza mara ya pili. Nikachukua daftari lenye namba yako ya kazini nikaenda dukani kwa mshonaji nikiwa na kanga moja na viatu visivyofanana, nimeviona nilipofika.

Nikamwambia apige. Akaniandikia kwenye karatasi ya vipimo: "Utasikiaje?" Nikamwambia, "Sitaki kusikia. Nataka kusema." Akapiga, akasubiri, akaitikia kwa kichwa kwamba kuna mtu, akanipa.

Sijui nilikuwa nasema na nani. Pengine ni wewe, pengine ni huyo kaka wa kutu, pengine ni mfagizi. Nilisema hivi, naandika tena endapo hukuwa wewe: Usinijibu, mama yako hasikii. Unga uliobaki usimwachie mtu. Uchome wewe. Moto ukianza kushuka, chungu kiwe wazi. Vua kifuniko. Shaba inataka hewa wakati wa kupoa na wewe umeifunika. Vua kifuniko. Mikono yako haina kosa, kosa ni langu, vua kifuniko. Nilirudia nadhani mara tano. Wateja wote waliacha kupima nguo wakanitazama. Halafu sikujua nikomee wapi, maana sikuwa na wa kuniambia "haya mama". Nikampa mshonaji. Akasikiliza, akaandika: "Kimya. Halafu imekatika."

Basi ndiyo hivyo, sijui.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua nyingine ya tarehe mbili Machi. Isome. Niliijua siri siku ile ile niliyosoma habari ya kifuniko, nikaiweka kwenye kopo la vifungo. Uliponiuliza waziwazi nikakudanganya tena, nikiwa na rangi ya ukuta kwenye kucha. Nilitaka urudi. Hilo tu, sina neno lingine la kulipamba. Nilidhani atarudi mwanangu. Aliyeniandikia barua ya leo, anayepita njia ya nyuma, huyo simjui, na mimi ndiye niliyemfanya.

Usiponisamehe nitaelewa. Lakini hicho kidonge kichome.

Mama yako


Jumatatu, 3 Juni

Mama,

Ni mimi niliyepokea simu. Nilikuita mara nne kabla sijakumbuka kwamba hunisikii. Halafu nikasimama pale koridoni nikisikiliza. Huyo kaka wa kutu alipita akadhani nimefiwa. Simu haikukatika, mama, niliikata mimi kwa kuiangusha.

Niliusaga unga ule siku hiyo hiyo. Nilikibana kidonge, nikakichoma, na moto ulipofika juu kabisa nikavaa glavu ndefu, nikafungua mlango wa tanuri na kukivua kifuniko kwa koleo. Halafu nikaacha oksijeni ipite, siku moja na nusu, digrii chache kwa saa. Sikutoka maabara. Kaka wa kutu aliacha kusaga bila kuombwa. Aliniletea kiti.

Jumanne asubuhi nilimwaga naitrojeni. Ikachemka, ikatulia. Nikaweka sumaku kwa kibanio cha mbao, nikaachia.

Imekaa hewani, mama. Kimo cha unene wa sarafu mbili. Nikapitisha karatasi chini yake, ikapita. Nikaisukuma, ikazunguka, ikazunguka, hakuna kitu cha kuisimamisha. Profesa aliita watu wa chumba cha pili. Akaniuliza nimebadilisha nini katika mchanganyiko. Nikamwambia hewa tu. Akaniuliza nani kanishauri, nikamwambia mtazama moto. Akasema niandike. Kwenye daftari, chini ya kidonge cha kumi na nane, pameandikwa hivyo: "Ushauri wa mtazama moto, miaka ishirini na sita kazini."

Barua yako yenye barua ndani ilinikuta siku mbili baadaye. Nashukuru ilichelewa. Ningeisoma kabla, mikono isingetulia. Nilikasirika, mama. Nilivihesabu vidonge sita nilivyochoma baada ya tarehe mbili Machi, kila kimoja nikijiita mjinga kwa sauti. Niliandika barua ya kukujibu ambayo nami sikuituma. Leo hasira imebaki kipande. Sitakudanganya kwamba imekwisha.

Lakini nimefikiri pia kuhusu wewe dukani, na viatu visivyofanana, ukisema na kitu kisichojibu. Hata mimi nimekaa miezi hii yote nikisema na vidonge.

Nimepewa miaka mitatu. Nimetia saini Ijumaa. Nilipomaliza nilitaka kumwambia mtu, nikamwambia muuza magazeti. Alinipongeza sana, hajui kwa nini.

Ndani ya kiboksi hiki kuna kifuniko. Sitakitumia tena.

Mwanao


Jumapili, 16 Juni

Mwanangu,

Kiboksi kimefika salama, kilifungwa kwa pamba nyingi kama dawa. Nimekigeuza hicho kifuniko huku na huku. Ni kazi nzuri, kauri safi, hakina hata ufa, ukikigonga kwa ukucha nadhani kinalia. Mshonaji kasema kinalia. Nimekijaribu kwenye kikombe changu kikazama ndani, nimekijaribu kwenye kopo la vifungo kikacheza. Nimekiweka dirishani kwenye chumba chako, hakifuniki kitu.

Hicho kipande cha hasira kaa nacho mpaka kiishe chenyewe. Usikimalize haraka kwa ajili yangu.

Ile ya unene wa sarafu mbili nimeifanya hapa mezani. Nimeweka sarafu mbili, nikainama nikatazama kwa pembeni, nikatoa sarafu, nikatazama nafasi iliyobaki. Nikawaza, jamani, hapo katikati pana nini? Utanieleza. Jina langu la kazi kwenye daftari la watu waliosoma nimemwonyesha mshonaji. Kalisoma, kavua miwani, kasema basi pazia la chumba cha profesa atamshonea yeye.

Pasi nimezirudisha. Feni ile mwenyewe hajulikani.

Vikombe bado natoa viwili. Nilijaribu kimoja siku tatu, meza ikawa kubwa. Nimeviacha viwili.

Sasa nina ombi. Nimezungumza na mshonaji, kakubali. Kila Jumapili saa kumi nitakuwa dukani kwake na atakupigia ile namba ya koridoni, najua maabara imefungwa lakini umesema una ufunguo. Ndiyo siku uliyosema hakuna anayekuita. Pokea. Nitasema yangu kwanza. Halafu nitanyamaza, nitahesabu mpaka mia mbili polepole, na wewe useme yako. Sema chochote, hata bei ya mayai. Nimegundua ukiishika simu kwa viganja viwili inatetemeka kidogo mtu akisema kwa nguvu. Nikifika mia mbili nitasema "haya mwanangu", na wewe kama hujamaliza, endelea tu. Nitakuwa bado nimeishika.

Mama yako